Sura ya Nne: Kasri la Bilauri

Mtu akiingia katika nyumba kongwe ya mawe huko Lamu au Pate, akapima kwa hatua zake upana wa chumba baada ya chumba, ataona kwamba vyumba hivyo vyaweza kuwa virefu kama ushoroba, lakini upana wake hauzidi sana futi tisa au kumi. Na sababu yake si uchache wa mali wala ufinyu wa kiwanja, bali ni boriti. Mkoko hutoa gogo lililonyoka na lenye nguvu kwa urefu huo tu, nalo hulazwa juu ya kuta mbili libebe mawe na chokaa ya dari. Likitakiwa kuvuka zaidi ya hapo hupinda. Basi mwashi wa pwani, hata alipomjengea tajiri mwenye majahazi kumi, alipewa kipimo cha nyumba na mti kabla ya kupewa na mwenye nyumba. Nimeanza na boriti kwa sababu habari ninayokusudia kuisimulia ni ya namna hiyo hiyo, ingawa ilitukia mbali na mikoko, katika nchi ya baridi na moshi: ni habari ya Kasri la Bilauri, jengo lililowashangaza walimwengu mwaka 1851, ambalo kipimo chake kilitoka katika kipande kimoja cha kioo chenye urefu wa inchi 49 na upana wa inchi 10.

Katika miaka ile wasanifu wa majengo wa Ulaya walikuwa katika mjadala mkali, na mjadala wenyewe ulihusu mavazi ya nyumba kuliko mwili wake. Walikuwapo walioshikilia kwamba hakuna uzuri nje ya nguzo za Wayunani, na walikuwapo walioapa kwamba taifa la Kikristo halina haki ya kujenga ila kwa matao yaliyochongoka kama ya makanisa ya kale. Bunge la Uingereza lilipoteketea kwa moto mwaka 1834, jengo jipya liliamriwa lifuate mitindo ya kale; Charles Barry akachora ramani, Augustus Pugin akalipamba kwa nakshi zisizohesabika, jiwe la msingi likawekwa mwaka 1840, na miaka kumi baadaye waashi walikuwa wangali juu ya jukwaa wakichonga. Ni jengo tukufu, wala simtoi kasoro fundi yeyote aliyelisimamisha. Lakini lilikuwa likijibu swali la babu wakati wajukuu walikuwa na maswali yao.

Maana wajukuu walikuwa na reli, walikuwa na viwanda, na walikuwa na chuma. Tangu mwaka 1779 daraja zima la chuma cha kusubu lilikuwa limesimama juu ya mto Severn, na katika viwanda vya pamba nguzo nyembamba za chuma zilibeba sakafu juu ya sakafu zenye mashine nzito. Lakini chuma katika nyumba za heshima kilikuwa na hali ya mpishi: chakula kakipika yeye, ila barazani haitwi. Kilifichwa ndani ya mawe, kikavishwa plasta, kikapakwa rangi ya marumaru. Aliyekitoa mafichoni kikaonwa na watu wote hakuwa msanifu wa majengo wala mhandisi. Alikuwa mtunza bustani.

Joseph Paxton alizaliwa mwaka 1803, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Milton Bryan, na hakuhudhuria chuo chochote cha ujenzi. Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka 22, alichukuliwa na Duke wa Devonshire awe mkuu wa bustani zake huko Chatsworth. Bwana huyu alikuwa na ukwasi mkubwa na mapenzi makubwa zaidi ya mimea ya nchi za joto. Naye Paxton akapewa kazi ambayo kwa mtu wa pwani yetu ni kichekesho, yaani kuufanya mgomba uishi mahali penye theluji. Katika jitihada hiyo alijifunza mambo ambayo wasanifu wakubwa wa London hawakuwa na haja ya kuyajua: jinsi ya kuleta nuru nyingi kwa mbao chache, jinsi ya kuinamisha vioo vilivyopangwa matuta na makorongo ili jua la asubuhi na la alasiri yote mawili yaingie, jinsi ya kuondoa maji ya mvua juu ya paa na maji ya jasho chini ya kioo, na jinsi ya kupitisha hewa bila kupoteza joto. Mpango wa matuta na makorongo haukuwa wake kwa asili, maana John Claudius Loudon alikwisha kuueleza kabla yake. Lakini Paxton aliujaribu mwaka hata mwaka, akaurekebisha, akaunda na mashine ya mvuke ya kukata fito za mbao za kushikia vioo, hata kati ya mwaka 1836 na 1840 akasimamisha nyumba ya mimea yenye urefu wa futi 277, upana wa futi 123, na kimo cha futi 67, ambayo gari la farasi liliweza kupita katikati yake pasipo kugusa jani.

Kisha likaja yungiyungi. Lilikuwa yungiyungi kubwa la mito ya Amerika ya Kusini, ambalo Waingereza walilipa jina la malkia wao Victoria, na ambalo mabustani mengine yalishindwa kulichanuza. Paxton alipokea mche wake mwaka 1849, akaupikia maji ya uvuguvugu na kuyasukasuka kwa gurudumu dogo ili uyadhanie kuwa ni mto, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ua likafunguka. Majani yalikuwa mapana kiasi kwamba alimsimamisha binti yake mdogo, Annie, juu ya moja, na jani halikuzama. Chini ya jani lile iko mishipa minene inayotoka katikati kama miali ya jua, imeungwa na mishipa myembamba inayokingama, na Paxton mwenyewe baadaye alionyesha jani hilo mbele ya wasikilizaji akieleza jinsi maumbile yalivyo mhandisi. Watu wengi wakasema tangu hapo kwamba kasri lilizaliwa katika jani. Mimi naona maneno hayo ni matamu kupita kiasi cha ukweli wake: kasri lilizaliwa katika miaka ishirini ya kubadili vioo vilivyovunjika na kuziba vilivyovuja, na yungiyungi lilikuja mwishoni likamsadikisha mtu aliyekwisha kujua.

Lipo jambo jingine ambalo wasimulizi hulipita upesi, nalo ni kodi. Kwa takriban miaka mia moja serikali ya Uingereza ilikuwa ikitoza ushuru juu ya kioo kwa uzito wake, na tangu mwaka 1696 ilikuwa ikitoza kodi juu ya madirisha, hata watu wakaziba madirisha yao kwa matofali na kukaa gizani ili wasalimike na mtoza kodi. Ushuru wa kioo uliondolewa mwaka 1845, na kodi ya madirisha mwaka 1851. Mtu asomaye tarehe hizi mbili haoni tena ajabu kwamba nyumba ya vioo ilikuja wakati ule na si kabla. Nuru ilikuwa imeachwa huru kwa sheria, na mafundi walikuwa wakisubiri. Kampuni ya ndugu wa Chance, karibu na Birmingham, ilikwisha kuleta mafundi wa Kifaransa wenye ujuzi wa kupuliza kioo cha bomba: fundi huchota uji wa kioo kwa ncha ya mrija wa chuma, hupuliza na kuuzungusha ukining'inia mpaka uwe kama chupa ndefu kuliko mkono wa mtu, kisha chupa ile hukatwa miisho yake, hupasuliwa kwa urefu, na hutiwa tanuruni ijikunjue yenyewe iwe bapa. Pumzi ya kifua cha mtu ndiyo iliyoweka mpaka wa ukubwa wa kipande, na mpaka huo, kwa kazi tunayoieleza, ulikuwa zile inchi 49.

Mwaka 1850 Mwanamfalme Albert na wenzake walikuwa wamekwisha kutangaza maonyesho ya kazi za mataifa yote, yatakayofunguliwa mwaka utakaofuata katika uwanja wa Hyde Park, London. Kamati ya ujenzi, ambayo ndani yake walikuwamo watu wa daraja ya Barry na mhandisi Isambard Kingdom Brunel, iliomba michoro ikaletewa 245; ikaikataa yote, ikachora wa kwake. Mchoro huo ulikuwa wa jengo la matofali yapatayo milioni kumi na tano, na juu yake kuba ya chuma yenye kipenyo cha futi 200, kubwa kuliko ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Wananchi wakapiga kelele magazetini, na walikuwa na haki: nani angetengeneza matofali hayo, nani angeyapanga, na chokaa yake ingekauka lini, ilhali siku zilizobaki hazikufika mwaka? Na jengo hilo lilitakiwa kuondolewa baada ya maonyesho.

Tarehe 11 Juni Paxton, ambaye wakati huo alikuwa pia mmoja wa wakurugenzi wa shirika la reli, alikuwa Derby katika kikao cha kuamua kosa la mtumishi mmoja wa njia. Wenzake walimwona akiandika kwa bidii wakadhani ananukuu ushahidi. Kikao kilipokwisha aliinua karatasi ya kukaushia wino iliyokuwa mbele yake, na juu yake palikuwa na ukingo wa jengo lenye ghorofa zilizorudi nyuma ngazi kwa ngazi, na kando yake paa la matuta. Ndani ya siku tisa, kwa msaada wa William Barlow, mhandisi wa reli ile, michoro kamili ilikuwa tayari; tarehe 6 Julai ikachapwa katika gazeti la picha lililosomwa na watu wengi, kabla kamati haijatoa uamuzi. Hilo lilikuwa tendo la ujasiri, na wengine waliliona kuwa ni utovu wa adabu. Lakini umma uliupenda mchoro mara ulipouona, na kamati ikaridhia.

Sasa natamani msomaji anivumilie niingie ndani ya hesabu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo yalipo mapinduzi, na wala si katika mng'aro. Vipande viwili vya kioo, vikiegemeana kama mapaa mawili ya kibanda, hufunika upana wa futi 8. Matuta matatu ya namna hiyo ni futi 24. Basi nguzo zikasimamishwa kila baada ya futi 24, kwa urefu na kwa upana, na kila kipimo kikubwa cha jengo kikawa ni 24 iliyozidishwa: ukumbi mkuu futi 72, upana wa jengo futi 408, urefu wake futi 1,848, yaani 24 mara 77. Nguzo, zilizozidi 3,000, zilikuwa na unene mmoja zikitazamwa kwa nje, inchi 8. Zilizobeba mzigo mkubwa ziliongezwa unene wa chuma ndani, pasipo jicho kujua. Na zilikuwa tupu katikati, ili maji ya mvua yaliyokusanywa na milizamu ya paa yateremke ndani yake mpaka ardhini. Mlizamu wenyewe ulichongwa katika mbao moja: mfereji mkubwa juu kwa ajili ya mvua, na mifereji miwili midogo ubavuni kupokea matone yaliyoganda chini ya kioo kwa pumzi za watu. Mlizamu ukawa pia ndio reli ya kupitia vigari vya mafundi wa vioo, ambao walikaa humo wamefunikwa turubai, mvua inyeshe isinyeshe, wakivisukuma nyuma kadiri paa lilivyofungika mbele yao. Kila kitu kilikuwa na kazi mbili au tatu. Mimi sijui sifa kubwa kuliko hiyo anayoweza kupewa mjenzi.

Uwanja ulitwaliwa na makandarasi Fox na Henderson mwishoni mwa Julai, na nguzo ya kwanza ikasimama tarehe 26 Septemba 1850. Hakuna mwashi aliyechonga jiwe mahali pale. Chuma kilisubiwa mbali, kikaletwa kwa reli, kila mhimili ukapimwa uzito na kujaribiwa kwa mashine ya maji kabla haujainuliwa, kisha farasi wakavuta kamba na roda, na mhimili ukapanda. Hakikuwapo kipande cha chuma kilichozidi tani moja. Siku zilizopamba moto walikuwapo wafanyakazi wapatao 2,000, na katika wiki moja mafundi 80 waliweka vioo zaidi ya 18,000. Jumla ya vioo vyote ilikaribia 300,000. Miti mikubwa ya elmi iliyokuwa uwanjani, ambayo wabunge walikataa katakata isikatwe, ilifunikwa ilivyo hai chini ya ukumbi wa kukingama wenye paa la tao na kimo cha futi 108. Mtu asipoambiwa hatambui kwamba mbavu za tao lile, sehemu iliyosifiwa kuliko zote, zilikuwa za mbao na si za chuma.

Walikuwapo wenye elimu waliotabiri kwamba upepo utaliangusha jengo au kwamba nyayo za umati zitalitikisa mpaka livunjike. Basi wakaletwa askari, wakaamriwa watembee kwa hatua za pamoja juu ya roshani, na roshani hazikutetereka. Tarehe 1 Mei 1851 Malkia Victoria alifungua maonyesho, na mpaka yalipofungwa mwezi wa Oktoba milango ilikuwa imepitwa zaidi ya mara milioni sita. Owen Jones alikuwa amepaka vyuma rangi nyekundu, manjano na samawati kwa kipimo cha mkono wa hakimu, na walioingia wakati wa asubuhi waliona kwa mbali rangi hizo zikiyeyuka katika ukungu mmoja wa buluu, hata macho yakashindwa kupata mwisho wa nyumba. Huo ulikuwa uzuri mpya, ambao hakuna jengo la mawe lililoweza kuutoa: uzuri wa mahali pasipo kivuli.

John Ruskin hakuupenda. Kwake yeye lile lilikuwa banda la miche lililokuzwa tu, na hesabu haikuwa sanaa. Pugin naye alilichukia, ijapokuwa alipanga ndani yake chumba kizima cha kazi zake za mtindo wa kale. Nimewasoma wapinzani hawa kwa heshima, na siwezi kuwapuuza. Maana Ruskin alikuwa akiutetea mkono wa mchongaji, ambaye katika jiwe lake huacha alama ya siku yake njema na siku yake mbaya, na ni kweli kwamba katika nguzo 3,000 zilizotoka kalibu moja hakuna hata moja inayomkumbuka mtu aliyeisubu. Hasara hiyo ni ya haki kutajwa. Lakini mkono haukutoweka katika kasri, ulihama. Ulikuwa katika kifua cha mpuliza kioo, na katika miaka ya mtunza bustani aliyejua kwa uchungu wa vidole vyake mahali ambapo paa huvuja.

Baada ya hapo mlango haukufungika. Mjini Paris, Henri Labrouste alikuwa tayari amemaliza maktaba ya Sainte-Geneviève, ambayo ndani ya kuta zake za mawe zimesimama nguzo nyembamba za chuma, hazikufunikwa kitu, zikibeba matao ya chuma juu ya vichwa vya wasomaji. Na kwa kuwa ilikuwa na taa za gesi, mwanafunzi asiye na mafuta chumbani mwake aliweza kusoma humo usiku. Kwa maoni yangu kazi hiyo ina utulivu ambao kasri la London halikuwa nao. Victor Baltard, baada ya jengo lake la kwanza la mawe kukataliwa, aliwajengea watu wa Paris soko la chuma na vioo. London yenyewe, Brunel aliyekuwa katika kamati ile ya matofali alijenga kituo cha reli cha Paddington kwa chuma na kioo, tena kwa makandarasi wale wale, kikafunguliwa mwaka 1854; na mwaka 1857 Makumbusho ya Uingereza yakapata chumba cha kusomea chini ya kuba ya chuma yenye kipenyo cha futi 140. New York ikajijengea kasri la vioo la kwake, na humo, mwaka 1854, Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati, na jukwaa likajishika lenyewe lisianguke. Miaka mitatu baadaye lifti yake ya kwanza ya abiria ilikuwa ikifanya kazi katika duka moja la mji huo, na kimo cha nyumba kikaacha kupimwa kwa nguvu za magoti ya mwanadamu.

Kwetu chuma hicho kilifika kwa merikebu. Sayyid Barghash bin Said, aliyeizuru Uingereza mwaka 1875, alisimamisha Beit al-Ajaib kwenye ufuo wa Unguja mwaka 1883, na roshani zake pana zinazoizunguka nyumba ghorofa kwa ghorofa zilibebwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu. Ndani ya nyumba ile ile kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za wazee. Nje, kivuli kilitandazwa na nguzo ambazo mkoko usingeweza kamwe kuzitoa. Mtu aliyesimama pale Forodhani akaitazama, aliona vipimo viwili vimekaa mlango mmoja.

Kasri la London lenyewe liliondolewa Hyde Park kama ilivyoahidiwa, kipande kwa kipande, likajengwa upya kwa ukubwa zaidi juu ya kilima cha Sydenham, na kufunguliwa mwezi wa Juni 1854. Paxton alikwisha kupewa cheo cha heshima na malkia; akafa mwaka 1865. Jengo lilimzidi umri kwa miaka 71. Usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 moto ulishika sakafu za mbao zilizokauka kwa zaidi ya miaka themanini, na kabla ya mapambazuko vioo vilikuwa vimetiririka na chuma kimelala chini. Faida iliyopatikana katika maonyesho ya 1851, pauni zipatazo 186,000, ilikwisha kutumiwa kununua ardhi ya South Kensington kwa ajili ya nyumba za elimu na sanaa, na katika mojawapo ya makumbusho yaliyojengwa huko imehifadhiwa mpaka leo ile karatasi ya Derby ya kukaushia wino: ni ya rangi ya waridi, wino wake umesambaa kidogo kama usambaavyo juu ya karatasi za namna hiyo, na matuta ya paa yanaonekana juu yake, yamechorwa kwa haraka na mtu ambaye mikononi mwake mlikuwa na kesi ya mtumishi wa reli.